Nusu Walikunywa

Mnamo Januari na Februari mwaka 2009, watu wa Mwambe, Kengeja na Shamiani, kusini mwa Pemba, pamoja na wenzao wa sehemu fulani za Unguja, waliitwa kunywa chanjo ya kipindupindu. Haikuwa sindano. Kilikuwa ni kikombe cha maji yaliyotiwa unga wa kuzimua ukali wa tumbo, na ndani yake vijidudu vya kipindupindu vilivyokwisha kuuawa. Kila mtu alitakiwa anywe mara mbili, kwa siku mbalimbali.

Hesabu ilipofungwa, kati ya watu 48,178 waliokusudiwa, wenye umri wa miaka miwili na zaidi, waliotimiza mara mbili walikuwa 23,921. Nusu tu! Wako watakaosema kwamba kazi hiyo ilianguka. Sisi hatusemi hivyo.

Wataalamu walizifuatilia habari za watu hao hata Mei mwaka 2010. Kwa waliokunywa mara mbili, hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 79. Hilo ni kubwa, lakini liko jingine tunaloliona kubwa zaidi. Wale wasiokunywa kabisa, wakiwa wanaishi mahali ambapo jirani zao wengi walikunywa, nao pia walipata nafuu. Kipindupindu hutoka tumboni mwa mtu, kikaingia kisimani au chakulani, kisha tumboni mwa mwingine. Basi aliyelikinga tumbo lake amekikinga na kisima cha mtaa. Mzee aliyekikataa kikombe alilindwa na mjukuu wa jirani yake, naye pengine hana habari mpaka leo.

Lakini asitokee mtu akasema kikombe chatosha. Kinga yake hupungua baada ya miaka michache. Maradhi haya yalirudi kwa nguvu mwaka 2015 na 2016. Choo na maji safi havina badala, na fedha za bomba zisicheleweshwe kwa kisingizio cha chanjo.

Sasa twarudi kwa ile nusu iliyobaki. Ni desturi mbaya ya baadhi yetu, hasa sisi tunaokaa mezani, kumwita mkaidi kila asiyefika. Mvuvi aliye dago hawezi kuwa kituoni saa tatu ya asubuhi, tena mara mbili. Mama mwenye watoto wanne na shamba la muhogo aweza kufika siku ya kwanza, ya pili akashindwa. Wafanyakazi wa afya wana kazi nyingi, nasi hatuwalaumu. Wanachama wa matawi ndio wanaojua nani yuko wapi. Itakapopangwa chanjo nyingine, ya maradhi yoyote, tunataka wapangao washuke kwanza madikoni, waulize vyombo vinarudi siku gani, ndipo waandike tarehe.