Alama za Majaribio Zinapovunja Moyo

Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani na Kanada wamo wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa wanaotamani kuwa madaktari. Njia yao hupitia mtihani uitwao MCAT, unaoendeshwa na Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani. Nchini Tanzania mwombaji atokaye kidato cha sita hupimwa hasa kwa ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kule, hata aliyekwisha kupata shahada ya kwanza huketi takribani saa saba na nusu, mapumziko yakiwemo, akijibu maswali 230. Alama huanzia 472 na kukomea 528, katikati yake ikiwa 500.

Kabla ya siku yenyewe, mtahiniwa hujipima kwa majaribio kamili. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo: miezi mitatu ya kukesha na vitabu, kisha 493.

Mhudumu wa afya akikuta kipimo cha shinikizo la damu kisichoridhisha, harukii dawa. Hupima tena mgonjwa akiwa ametulia, ndipo atafute chanzo. Alama nazo zastahili uangalifu huohuo. Matokeo rasmi ya MCAT hutolewa pamoja na kiasi cha mkengeuko cha alama mbili juu na mbili chini; kwa hiyo 497 na 499 zaweza kuwa uwezo uleule. Jaribio lililofanywa asubuhi baada ya zamu ya usiku ni kipimo cha uchovu kuliko cha elimu.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo wengi huikwepa kwa kuwa inauma: kulirudia kila swali lililokosewa na kuandika daftarini kwa nini lilikosewa. Je, maarifa hayakuwapo? Au yalikuwapo, ila swali lilisomwa harakaharaka? Au muda uliisha? Tiba ya kila moja ni tofauti, na kurudia kitabu kizima kwa sababu ya kosa la haraka ni sawa na kumpa dawa ya malaria mwenye jino bovu.

Tuchukue mfano wa vimeng'enya. Muuguzi wa idara ya dharura huenda anajua kwamba aliyekunywa pombe yenye methanoli aweza kutibiwa kwa ethanoli, kwa kuwa ethanoli hushindania kimeng'enya kilekile na kuizuia methanoli isigeuzwe kuwa sumu kali zaidi. Mtihani hautamuuliza hivyo. Utamwekea grafu mbili na kumtaka atambue kwamba kizuizi shindani hakibadilishi kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya, bali huongeza kiasi cha kiasilia kinachohitajika kuifikia nusu ya kasi hiyo. Akikosa hapo, kilichopungua ni mazoezi ya kusoma grafu. Kukariri ukurasa uleule mara ya tano hakutamsaidia.

Kuhusu kukariri, upo ushahidi mzuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Vingine walivisoma tena. Vingine walijaribu kuvikumbuka bila kuvitazama. Baada ya dakika tano, kusoma tena kulishinda. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Kusoma tena hutupa hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo inayomdanganya mtahiniwa hadi siku ya jaribio. Bora afunge kitabu, ajiulize, akosee, aangalie jibu, kisha arudie baada ya siku chache.

Sehemu ya ufahamu na uchambuzi wa hoja, yenye maswali 53 kwa dakika 90, haitibiki kwa kukariri. Hutaka mazoea ya kila siku ya kusoma makala ngumu za falsafa, sanaa na historia na kuuliza mwandishi anatetea nini. Wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu waianze mapema kuliko nyingine zote.

Jambo dogo, lakini huokoa alama: jibu lisilo sahihi halina adhabu. Asiache swali lolote wazi.

Na kama wiki mbili kabla ya mtihani alama za majaribio mawili au matatu bado ziko mbali na lengo? Kwa maoni yetu, aahirishe, hata kama itamgharimu ada ya kubadili tarehe. Mtahiniwa huruhusiwa kufanya mtihani huu mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 kwa miaka miwili mfululizo na mara 7 maishani, na vyuo anavyoomba huziona alama zake zilizotangulia.