Je, Wajua? Kipa wa Mombasa na mataji matatu

Mahmoud Abbas, kipa kutoka Mombasa aliyeitwa «Kenya One», alilinda lango la timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, ilipotwaa Kombe la Chalenji la CECAFA mara tatu mfululizo: 1981, 1982 na 1983. Fainali ya 1982 ilikuwa ngumu kuliko zote. Sare ya 1-1 na Uganda, nyumbani kwao Kampala, kisha penalti, yeye peke yake mstarini na uwanja mzima ukimzomea. Kenya ikashinda.

Enzi hizo mpira haukumtajirisha mtu. Ndiyo maana wachezaji wengi wa Pwani walipenda timu za mashirika, kama ile ya bandari: ukitundika daluga, kazi ya kulisha watoto ipo. Wasiokuwa nayo waliteseka, na hilo linauma.