Silaha za Wafugaji: Suala la Risasi

Mwezi Julai mwaka 2021 serikali ya Uganda ilianza tena kukusanya silaha kutoka kwa wafugaji wa Karamoja. Mwezi Februari mwaka 2023 jirani yake, Kenya, ikapeleka wanajeshi Turkana, Pokot Magharibi, Baringo na kaunti nyingine kwa shughuli kama hiyo. Zinaposomwa taarifa za shughuli hizo, msikilizaji huikumbuka idadi ya bunduki. Ile ya risasi hupita tu masikioni. Maoni yetu ni kwamba idadi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito.

Bunduki ni chuma na mti. Ikipakwa mafuta huishi kuliko mwenyewe. Kinachokwisha ni risasi, nayo si kitu kimoja: ni ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti tumboni na kichwa cha madini. Ganda halina budi kulingana na chumba cha bunduki. Itazameni Lee-Enfield, bunduki ya Kiingereza waliyoibeba askari wa KAR. Chumba chake kiliachiwa nafasi ya ziada ili matope ya vitani yasiikwamishe. Kwa hiyo ganda hutanuka, na likijazwa upya mara kwa mara huweza kukatika. Huko Marekani, ambako raia huruhusiwa kujaza risasi nyumbani, wapo wanaorekebisha kalibu ya kulirudishia ganda umbo lake, ili lifuate chumba cha bunduki yao kuukuu. Ni kazi ya subira, na kosa lake hulipwa kwa jicho au kwa mkono.

Katika vita, nafasi ya subira hiyo huwa ndogo. Mwezi Aprili mwaka 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani silaha, ilishambuliwa na manowari ya Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ikabidi zifumuliwe, baruti isafishwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Hata hivyo nyingi hazikulia. Jenerali Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwezi Novemba mwaka 1917 na kuingia Msumbiji, alizivamia ngome za Wareno akitafuta chakula na risasi. Mwaka mmoja baadaye alisalimu amri Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Bunduki zaidi ya 1,000 zilizowekwa chini siku hiyo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Za Kijerumani walikuwa wamekwisha kuachana nazo, maana risasi zake hazikupatikana tena.

Hali ya Karamoja ni kinyume cha hiyo. Kabla ya mwaka 1979 vijana walijiundia bunduki kwa mabomba ya chuma. Idi Amin alipoangushwa mwaka huo, ghala la silaha la kambi ya Moroto likavunjwa. Tangu hapo bunduki zimebadilika, na iliyoenea zaidi ni AK, ambayo risasi zake ndizo zinazotumiwa na vikosi vya serikali vyenyewe. Risasi zilizogawiwa kihalali walinzi wa vijijini zimewahi kuvuja hadi kwa wezi wa mifugo. Bunduki ikinyang'anywa leo, ng'ombe wachache hununua nyingine kesho, mradi risasi zipo.

Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili mwaka 2004, inazitaka nchi zetu zigonge alama katika kila bunduki. Hilo ni jema. Lakini ganda linalookotwa zizini baada ya uvamizi kwa kawaida humtaja mtengenezaji na mwaka wa kutengenezwa, wala halikitaji kikosi kilichogawiwa. Brazil iliweka sheria mwaka 2003 kwamba risasi zinazouzwa kwa vyombo vya dola zigongwe alama ya fungu na ya mnunuzi. Mama wa Kotido au wa Lokori aliyemzika mwanawe anayo haki ya kuuliza risasi ile ilitoka ghala gani, na afisa wa ghala hilo anapaswa kuwa na la kumjibu.