Tiara ya mita 18 si ya kuuzia sura!

Wiki hii tunaachana kidogo na mambo ya wachumba na mitindo ya nywele. Tunaongea upepo.

Sisi tunaoishi Kihesa, hapa Iringa, hatuna haja ya kufundishwa upepo ni nini. Kuanzia Juni hadi Agosti unaanika shati asubuhi, mchana unalikuta kwa jirani. Watoto ndio wanafaidi, maana kila penye uwazi utawaona na tiara zao za karatasi na fito, mkia wa matambara, wanakimbia huku wakipiga kelele. Sasa chukua tiara hiyo hiyo, ikuze mpaka iweze kumburuza mtu mzima mwenye ndevu zake, mpe ubao miguuni, mtupe baharini. Mchezo huo ndio ule ambao ukifika Paje, Unguja, au Diani kule Kenya, utasikia vijana wakiuita kaiti.

Nimeingia kwenye somo hili kwa sababu ya jamaa yangu mmoja wa mtaani kwetu. Alishuka Zanzibar kutafuta maisha, akapata kazi ya jikoni, na jioni akitoka kazini anajifunza kaiti ufukweni. Mzungu mmoja anayerudi kwao kamwambia anamwachia tiara yake kwa bei ya kutupa, tiara ya foili, ukubwa mita 18 za mraba. Jamaa kanipigia simu kafurahi kama kashinda bahati nasibu. Mita 18 bwana! Wenzake wana za 9 na za 12, yeye atatokea na hilo dude, wote kimya. Mwenyewe ana kilo 62, na hizo ni baada ya kula ugali.

Nikamwambia asubiri kwanza, asitoe hata senti.

Tuanzie chini kabisa ili tuwe pamoja. Tiara za kaiti ziko za namna mbili. Ya kwanza ina mrija mnene mbele, unaujaza upepo kwa pampu mpaka unakuwa mgumu kama tairi la baiskeli. Hiyo ilitokana na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ambao mwaka 1984 waliandikisha hataza ya ubunifu wao. Ya pili ndiyo foili. Hiyo haina mrija wala pampu. Ni vitambaa viwili, cha juu na cha chini, vimeshonwa katikati kwa kuta za kitambaa ili vitokee vyumba vyumba, na mbele kuna matundu. Upepo unaingia kwa mbele, vyumba vinafura, tiara inapata umbo la bawa la ndege. Ukiwahi kuona mwavuli wa wanajeshi wanaoruka ule wa mstatili, ni ukoo mmoja. Aliyeleta wazo hilo ni Domina Jalbert wa Marekani, mwaka 1964, mwaka uleule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana.

Foili ina raha yake. Ni nyepesi, inakunjwa inaingia kwenye mkoba wa mgongoni, na kwenye upepo mdogo inavuta wakati wenzako wa mirija wamekaa mchangani wanakunywa madafu. Ndiyo maana ukubwa wake unadanganya. Foili ya mita 12 usiilinganishe moja kwa moja na ya mrija ya mita 12. Foili mara nyingi inavuta zaidi, hasa upepo ukiwa hafifu. Kwa hiyo jamaa akisema mita 18 ya foili, wewe sikia kitu kikubwa zaidi ya hapo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na tafadhali usiruke aya hii hata kama hesabu ndiyo iliyokutoa shuleni. Nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, mvuto hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Hata ukitoka 20 ukafika 28 tu, jambo ambalo baharini linatokea ukiwa bado unarekebisha mkanda wa kiunoni, mvuto unakaribia mara mbili. Ina maana tiara iliyokuwa rafiki yako saa nane mchana, saa tisa inaweza kuwa inakutafutia jeneza.

Wenye mchezo wao hupima upepo kwa noti. Si noti za benki, ni noti za mabaharia, moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Na wana kanuni ya haraka haraka ya kuanzia: chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 2.2, gawa kwa noti za upepo, unapata mita za mraba za tiara ya mrija. Mwenye kilo 75 upepo ukiwa noti 15 anapata mita 11. Jamaa yangu wa kilo 62 anapata kama 9. Kwa foili anashuka kidogo tena. Kanuni hii si msahafu, ubao mkubwa unabadilisha mambo na uzoefu pia, lakini inatosha kukuonyesha kwamba 18 na 9 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukiziweka foili mstari mmoja utaona kila moja na tabia yake. Ile ya mita 8 au 9 ni kama bodaboda, ukigusa tu imegeuka, nayo inataka upepo wa kweli, noti 20 hivi na kuendelea. Ya 11 au 12 ndiyo ya mtu wa kawaida siku ya kawaida, na kama mfuko wako unaruhusu tiara moja tu, mimi ningekaa hapo hapo. Ya 15 ni ya siku ambazo upepo unasuasua, au ya mtu mwenye mwili wake. Ya 18 hadi 21 ni lori la mizigo. Inageuka taratibu, unaivuta leo inakubali kesho, na kazi yake hasa ni upepo ule ambao hata khanga kwenye kamba haichezi vizuri.

Halafu kuna wakubwa zaidi. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 mchezo huu uliingia kwa mara ya kwanza, mbio zikafanyika Marseille, na kule wanaume walikuwa na foili zinazofika mita 23. Valentin Bontus wa Austria alichukua dhahabu ya wanaume, na kwa kina dada akachukua Ellie Aldridge wa Uingereza. Lakini angalia kwa nini walizihitaji. Marseille siku zile upepo ulikuwa goigoi, mbio zingine hata hazikufanyika. Upepo ukipanda, mabingwa hao hao wanateremka kwenye foili ndogo za mita 11 au 9. Bingwa wa dunia anabadilisha tiara kwa kuangalia upepo, wewe wa Kihesa unataka moja tu ya kutishia watu!

Turudi Paje. Kusi huko inavuma zaidi Juni hadi Septemba, na kaskazi inashika kuanzia Desemba hadi Februari au Machi. Siku nyingi unapata noti 12 hadi 20. Mwamba wa mbali unazuia mawimbi makubwa, maji ya ndani ni kama ziwa, na yakitoka yanatoka mbali kweli. Hapo ndipo penye mashamba ya mwani ya kina mama, kilimo kilichoanza upande huo mwaka 1989, na vijiti vyake vimesimama chini ya maji. Mtu mwenye tiara inayomzidi hachagui pa kupita. Anaburuzwa juu ya vijiti, anakata kamba za watu, anaharibu mtaji wa mama ambaye hajui hata kaiti ni nini, kisha anaibukia ufukweni kwenye watalii. Kwa kilo 62, noti 18 za kusi na foili ya mita 18, hiyo ndiyo safari anayokata tiketi.

Na foili ikianguka majini ina shida nyingine. Zile zenye midomo wazi, maji yakiingia zinakuwa gunia la chumvi, huinui. Zile zenye vali za kuzuia hewa isitoke zina afadhali. Ya mrija yenyewe inaelea, unaweza kuikumbatia ukasubiri mtu aje. Kwa anayejifunza baharini bila boti ya kumfuata, mimi nasema mrija kwanza, foili baadaye.

Jamaa kakubali, ila roho inamuuma. Nikampa dawa: foili ya kujifunzia, ya mita 2 hadi 3, kamba mbili, unarusha ukiwa nchi kavu. Hiyo hata sisi wa huku tunaweza. Tafuta uwanja mpana, mbali na nyaya za umeme na mikaratusi. Ila jua kwamba upepo wa milimani unakuja kwa vishindo, unakatika, unarudi kwa hasira, si kama wa bahari unaovuma bila kupumzika. Halafu huku tuko mita 1,500 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo upepo uleule unavuta pungufu kwa kama asilimia 14. Ukizoea Kihesa, ukifika Paje usishangae tiara ileile imeota misuli. Na wale mnaofikiria kupeleka ubao bwawa la Mtera kwa kuwa ni karibu, mle kuna mamba na viboko. Sina la kuongeza.

Foili mpya inapita dola elfu moja kirahisi, kwa hiyo wengi wetu ni mtumba tu, na mtumba hukaguliwa. Fungua kila kamba ndogo uone kama zimechakaa au zimepishana urefu. Jaribu kifyatulio cha dharura mara tatu, kifunguke mara tatu. Mwisho chukua kitambaa cha juu, kibane mdomoni, puliza kwa nguvu. Ukisikia pumzi yako inatokea upande wa pili, mrudishie mwenyewe mali yake.