Mwamba Ukifungwa, Jikoni Kuna Nini?

Ukanda wa pwani unaoanzia mlangoni mwa Mto Ruvuma na kushuka kusini kupitia Palma hadi Mocímboa da Praia, katika Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, si mgeni kwa msemaji wa Kiswahili. Wakazi wake wengi ni Wamwani, Wamakonde na Wamakua. Kiswahili husikika Palma kama kisikikavyo Mtwara, na si haba walio na ndugu wa damu ng'ambo ya pili ya mto. Katika nyumba nyingi za huko siku hazihesabiwi kwa kalenda ya ukutani, bali kwa kujaa na kupwa kwa maji. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, bahari hutoka mbali na miamba ikabaki wazi. Hiyo ndiyo bamvua. Wanawake na watoto hushuka kwa miguu, kila mmoja na kijiti au chuma chake, wakachokoa pweza mashimoni na kuokota chaza na kome. Maji mafu yakiingia, mwamba haufikiki, na nyumba hula kilichowekwa.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba pwani ile yapasa kuishi kwa kutunza mali ya bahari, hana budi kwanza kujibu swali la mama wa nyumbani: pweza akiachwa shimoni, watoto watakula nini usiku huu? Mipango mingi ya hifadhi iliyoandikwa vizuri imeshindwa kwa sababu swali hilo liliulizwa mwisho, au halikuulizwa kabisa.

Na pweza mwenyewe, kwa maumbile yake, ni mnyama aliyeumbwa kwa ajili ya kungojewa. Maisha yake ni mafupi: pweza wa miamba hii haishi zaidi ya mwaka mmoja na miezi michache. Hukua upesi mno. Katika kipindi kizuri cha ukuaji huweza karibu kuongeza uzito wake maradufu kwa mwezi mmoja au miwili. Jike hutaga mara moja tu. Hujifungia shimoni na mayai yake, huyapulizia maji na kuyalinda bila kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Anayemchokoa jike huyo hapati nyama ya maana, maana amekwisha kukonda, lakini ameondoa maelfu kwa maelfu ya pweza ambao wangalizaliwa. Kinyume chake, anayeuacha mwamba kwa miezi miwili au mitatu hukuta waliokuwa wadogo wamekuwa wakubwa. Samaki kama chewa huhitaji miaka. Pweza huhitaji bamvua chache tu.

Jambo hili lilijaribiwa huko Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, ambako mwaka 2004 wanakijiji walikubaliana kuufunga mwamba mmoja kwa miezi kadhaa. Mavuno ya siku ya kufungua yaliwashangaza wenyewe, na vijiji jirani vikafuata. Kisiwa cha Rodrigues nacho kilifunga uvuvi wa pweza mwaka 2012. Zanzibar, watu wa Kisiwa Panza huko kusini mwa Pemba wakafanya hivyo katikati ya miaka ya 2010, na mtindo ukaenea hadi kwingine katika mwambao wa Tanzania. Katika wilaya za Palma na Mocímboa da Praia ulikuwapo, kuanzia mwaka 2013, mradi ulioitwa Bahari Yetu, Maisha Yetu, ulioendeshwa na chama cha mazingira cha Cabo Delgado kijulikanacho kwa herufi AMA pamoja na Jumuiya ya Elimu ya Wanyama ya London na wengineo. Kijiji cha Quiwia kilikuwa miongoni mwa vile vilivyotenga sehemu za bahari na kupumzisha miamba ya pweza. Kabla ya hapo, watu wa kisiwa cha Vamizi walikuwa wamekwisha kutenga eneo lao lisilovuliwa. Chombo cha kuamua mambo haya nchini Msumbiji ni Baraza la Uvuvi la Jamii, ambalo wenyeji hulitaja kwa herufi za Kireno CCP, na ambalo hutambuliwa na serikali.

HESABU YA BAMVUA SITA

Lakini kufunga mwamba hakumgusi kila mtu sawasawa. Mwanamume mwenye ngalawa na nyavu, mwamba wa karibu ukifungwa, hutweka tanga akaenda kwingine. Mwanamke achokoaye kwa miguu hana kwingine. Mwamba wake ni ule ambao miguu yake huweza kuufikia kati ya maji kupwa na maji kujaa. Mwezi mmoja una bamvua mbili. Miezi mitatu ya kufunga, basi, ni bamvua sita ambazo mwanamke huyo atatoka bila kapu. Kwa nyumba ya mjane, au ya mke ambaye mumewe yuko mbali kazini, hizo bamvua sita ndizo mwamba wote wa hoja hii. Yeye ndiye alipaye gharama ya hifadhi, na ni haki aulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jibu, kwa kadiri lilivyopatikana, limetoka jikoni na shambani zaidi kuliko baharini. Mvua za ukanda huu huanza karibu na Desemba na kumalizika Aprili. Mpunga na mahindi huvunwa baada ya hapo. Baraza lenye busara hupanga miezi ya kufunga iangukie wakati ambapo ghala lina kitu, si wakati wa njaa ya masika ambapo chakula cha mwaka uliopita kimekwisha na kipya bado ni kijani. Muhogo nao ni msaada mkubwa, kwa kuwa hukaa ardhini ukimngojea mwenyewe. Majani yake ndiyo kisamvu, ambacho Msumbiji hukiita matapa. Kikitwangwa vema na kupikwa kwa tui zito la nazi na karanga, ni kitoweo kamili. Nyumba yenye minazi miwili, kitalu cha muhogo na mistari michache ya kunde na mbaazi haitalia njaa kwa kukosa pweza bamvua moja au mbili.

Kisha kuna kukausha. Pweza wa bamvua nzuri, badala ya kuuzwa wote kwa bei ya siku hiyo ambayo kila mtu ana pweza, huweza kuwekwa. Husafishwa tumbo, hupigwapigwa kwenye jiwe ili nyama ilainike, huoshwa kwa maji ya bahari, kisha huanikwa juu ya kamba mikono ikining'inia mbalimbali isishikamane. Jua kali la siku mbili tatu na upepo wa kusi humtosha. Usiku huingizwa ndani asiguswe na umande, maana umande mmoja tu huweza kuharibu kazi yote. Akikauka sawasawa hukaa wiki nyingi, na siku ya kupikwa hurowekwa usiku kucha, hukatwa vipande vidogo, na pweza mmoja hutosha sufuria ya watu sita pamoja na mchuzi wa nazi. Hilo ni ghala kama ghala la mahindi.

Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mradi uliotajwa hapo juu ulivihimiza, hufanya kazi hiyohiyo kwa fedha. Wanawake hukutana, kila mmoja huweka kidogo, na anayepungukiwa hukopeshwa. Kikundi kikijaa kabla ya mwamba kufungwa, bamvua sita hupita. Kikianzishwa baada ya kufunga, huwa kimechelewa.

Walakini ziko njia za kujaza pengo ambazo huharibu kuliko kuchokoa pweza. Ya kwanza ni kutanda kwa chandarua. Mwamba ukifungwa, watu huhamia kwenye majani ya bahari, na chandarua cha mbu, chenye matundu madogo kupita wavu wowote, hukusanya vitoto vya samaki ambavyo havijafika urefu wa kidole. Nyumba hupata uji wa dagaa leo na hupoteza tasi na changu wa mwaka ujao. Na juu ya hayo, chandarua kilichotatuka baharini hakirudi kitandani, na malaria haingoji mwamba ufunguliwe. Yafaa isemwe pia kwamba anayetanda hatandi kwa ujinga. Hutanda kwa sababu chandarua kipo na wavu hana. Kumnyang'anya bila kumwonyesha sufuria nyingine ni kumfundisha kwenda kutanda usiku.

Ya pili ni kukata mikoko kwa kuni na mkaa. Mkoko huwaka vizuri, kila mpishi wa pwani anajua. Lakini vitoto vya samaki na kamba hukulia kati ya mizizi yake, na mizizi hiyohiyo huvunja nguvu ya mawimbi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth, kimojawapo cha vimbunga vikali kabisa vilivyowahi kurekodiwa kutua Msumbiji, kiliipiga pwani ya Cabo Delgado na kuharibu vibaya nyumba za kisiwa cha Ibo na vijiji vya bara. Baada yake kila mtu alitafuta miti ya kujengea, na miti iliyo karibu ilikuwa mikoko. Nyumba inayopikia mafiga matatu uwanjani hula kuni nyingi mno kwa kuwa upepo huchukua moto. Jiko la udongo lenye kuta, ambalo mtu huweza kulifinyanga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu, hupunguza mzigo huo sana. Kadhalika kuroweka kunde usiku, kufunika sufuria, na kupasua kuni zikauke kabla ya kuzitia motoni. Haya ni madogo, lakini mtu huyafanya kila siku, na mzigo wa kuni hubebwa kichwani mwa mtu, si mwa mradi.

WALIOKIMBIA NA WALIOWAPOKEA

Kisha vita vilikuja. Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Vijiji vya ufukweni viliachwa vitupu. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 waliohama makwao kaskazini mwa Msumbiji walikuwa zaidi ya milioni moja. Wengi walikimbilia kwa ndugu, na nyumba ya watu sita ikawa ya watu ishirini, kisima kilekile, mwamba uleule. Quitunda, kijiji kilichojengwa kuwapokea wakazi walioondolewa katika rasi ya Afungi kupisha mtambo wa gesi, kilifurika maelfu ya waliotoka Palma. Na hata wenyeji wake wa kwanza walikuwa wavuvi waliojikuta wako mbali na bahari waliyoizoea mlangoni.

Katika hali hiyo kanuni ya kufunga mwamba hupata mtihani wake mkubwa. Mkimbizi wa ndani hakuwapo siku makubaliano yalipofanywa. Hana shamba, hana minazi, na muhogo alioupanda umebaki kwenye kijiji alichokikimbia. Mwamba ndio shamba pekee lisilohitaji jembe wala msimu. Baraza linalomfukuza humfanya mwizi. Baraza linalomwachia bila utaratibu hupoteza mwamba. La maana ni kumwingiza kwenye hesabu tangu mwanzo: kitalu cha muhogo akatiwe, jina lake liandikwe katika kikundi cha akiba, na naye ashike zamu ya kulinda.

Hapa askari na familia yake wana sehemu ambayo si ya pembeni. Kambi ya pwani ni mnunuzi mkubwa, na bei ya mnunuzi ndiyo itoayo amri mwambani. Anayenunua pweza mdogo kwa kuwa ni rahisi ameagiza wengine kumi wa aina hiyo kwa bamvua ijayo. Tanzania, kanuni za uvuvi hukataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Kipimo hicho hufaa kukumbukwa na kila mpishi wa kambi na kila mke wa askari aendaye sokoni, popote alipo. Vivyo hivyo gunia la mkaa wa mikoko. Na polisi wa doria anayewazuia wavuvi wasiende mbali kwa sababu za usalama, ajapokuwa na haki ya kufanya hivyo, yafaa ajue kwamba kila ngalawa iliyozuiwa hurudi kuvua mwamba wa karibu, uleule uliofungwa. Mazungumzo kati ya mkuu wa kituo na mwenyekiti wa baraza kabla ya bamvua huweza kuokoa mengi.

Limebaki jambo la siku ya kufungua. Habari za mavuno mema husafiri upesi kuliko upepo, na asubuhi hiyo mashua hutokea kutoka vijiji ambavyo havikufunga chochote. Wanaume wenye miwani ya kuzamia huingia maji yakiwa bado kiunoni, saa moja kabla wanawake hawajaweza kukanyaga mwamba. Waliolipa bamvua sita hufika wakakuta mashimo yamekwisha kuchokolewa. Vijiji kadhaa vimejifunza kuliwekea jambo hili sharti mapema: nani ashuke kwanza, nani asishuke kabisa, na mnunuzi asimame wapi na mizani yake. Hayo hupangwa katika kikao ambacho wanawake wachokoaji wamo wenyewe, si kwa kuwakilishwa na waume zao, na hupangwa kabla mwamba haujafungwa, kwa kuwa bamvua ya kwanza ni siku chache tu, na siku bora kuliko zote ni ile ya kwanza.