Aliyeumia Uti wa Mgongo: Kiwiliwili Nacho Kipimwe

Mtu akianguka mtini au akipata ajali ya barabarani na kuumia uti wa mgongo, jamaa zake huuliza kwanza: je, atatembea? Kwa familia iliyoko Rwimbogo, katika vilima vya Wilaya ya Rusizi (zamani Cyangugu), Rwanda, yako maswali mengine yanayogusa maisha ya kila siku: je, ataketi bila kushikwa? Ataweza kukohoa kwa nguvu?

Majibu yamo katika misuli ya kifua, tumbo na mgongo. Mgonjwa ambaye miguu yake imepooza aweza kubakiwa na sehemu ya misuli hiyo. Lakini kipimo kinachotumiwa na madaktari duniani, kilichotolewa kwanza Marekani mwaka 1982, hupima nguvu za misuli 10 kila upande: 5 ya mkono na 5 ya mguu. Wa kiwiliwili haumo hata mmoja. Sehemu hiyo hukadiriwa kwa jinsi ngozi inavyohisi mguso na ncha ya pini.

Kwa hiyo mtaalamu makini huongeza uchunguzi wake. Daktari akiisha thibitisha kwamba uti umetengemaa, mgonjwa hulazwa chali na kuambiwa ainue kichwa. Kitovu kikivutika kuelekea kifuani, ni dalili kwamba misuli ya juu ya tumbo yafanya kazi na ile ya chini ni dhaifu. Dalili hiyo huitwa kwa jina la daktari Mwingereza, Charles Beevor. Kisha huketishwa bila egemeo, akanyoosha mkono mbele na pembeni, mtaalamu akiwa tayari kumdaka. Kikohozi chake nacho husikilizwa.

Jamaa wasifanye majaribio hayo wenyewe. Kazi yao ni kuangalia: huketi kwa muda gani? Huinamia upande gani? Makohozi yatoka? Mambo hayo yaelezwe hospitalini, iwe Mibilizi au Gihundwe. Makohozi yakikwama kifuani, mgonjwa awahishwe kwa daktari, kwani nimonia yaweza kumuua.

Misuli iliyosalia ikijulikana, hupewa mazoezi, na kiti cha magurudumu huchaguliwa ipasavyo. Mwenye nguvu za tumbo hazuiwi na egemeo refu asilolihitaji. Asiyekuwa nazo haachwi akaanguka. Hivyo aliyedhaniwa kuwa wa kulala tu aweza kuketi, akachambua maharage na kula pamoja na wenzake.