Udongo wa Bonsai: Mbuga Nyeusi Haifai

Udongo mweusi wa mbuga, unaostawisha pamba katika mabonde ya Bunda, ni adui wa bonsai, miti inayodumazwa chunguni. Tatizo si rutuba. Mfinyanzi wake huvimba ukinywa maji wakati wa masika, kisha hunywea kiangazi na kuacha nyufa. Shambani mizizi hukimbilia chini. Katika chungu chenye kina cha vidole vinne haina pa kwenda. Udongo ukipasuka mizizi hukatika, ukilowa sana hukosa hewa na kuoza.

Kinachotakiwa ni chembe ngumu za milimita 2 hadi 6, zisizosagika kwa kumwagiliwa kila siku. Maji hayatoki yote chunguni hata tundu likiwa wazi: nafasi finyu kati ya chembe huyashikilia, na tabaka la chini hubaki limejaa. Unene wa tabaka hilo huamuliwa na ukubwa wa chembe, wala si kina cha chungu. Sponji iliyolowa ikilazwa hutulia na maji yake, ikisimamishwa, hudondosha. Chungu cha bonsai ni sponji iliyolazwa. Ndiyo maana kokoto zinazotandazwa chini ili maji yatoke, ushauri usiotaka kufa, huharibu badala ya kusaidia: huliinua tabaka lililolowa hadi kwenye mizizi.

Wajapani hutumia akadama, chembe za udongo wa volkano. Kuiagiza hadi Mugeta, Bunda, ni kuchezea fedha, ilhali vipande vya matofali ya kuchoma hutupwa kando ya matanuri. Tofali lililoiva likipondwa, likachekechwa na kuoshwa vumbi, hutunza maji ndani ya chembe na hewa kati yake. Lisiloiva hurudi kuwa tope. Sehemu mbili za matofali, moja ya changarawe ya graniti na mboji kidogo zinautosha mkuyu au mkwaju. Mchanga laini wa ziwani uachwe ziwani. Na kwa kuwa mchanganyiko huu una rutuba ndogo mno, mbolea hutiwa kidogo kidogo, mara kwa mara. Kuchimba udongo wa juu msituni ili kujaza vyungu ni uharibifu usio na kisingizio.

Chembe hizohizo hufaa pia dungusi, mishubiri na vipandikizi vya waridi. Mti ukihamishwa, chembe huoshwa na kutumika tena.